Habari za Teknolojia Zinaelekea Wapi? Chanuka Kabla Uchezwe

Kila wiki kuna simu mpya imezinduliwa, kuna apu mpya ya mkopo, kuna startapu imepewa mamilioni ya dola, na kuna jamaa TikTok anakuambia usilale, hii ndiyo njia ya kuomoka. Zote zinakufikia zikiitwa habari. Sasa jiulize, ni nani alilipia hizo habari ziandikwe? Hapo ndipo mambo yanaanza kuwa noma.

Tumekuwekea pamoja mambo yote ya msingi: uanahabari wa teknolojia ni nini, doo yake inatoka wapi, nani anaufanya vizuri, na unaelekea wapi katika nchi zinazoinukia kama Kenya, Nigeria na India. Mwisho kuna maswali ya kutembea nayo mfukoni.

Kwa nini hii stori ni yako

Unakumbuka foleni za KICC? Mwisho wa Julai 2023, maelfu ya vijana wa Kanairo walipanga laini kutoka asubuhi ili wapigwe picha ya mboni ya jicho na kile kimtambo cha duara cha Worldcoin. Malipo yalikuwa tokeni 25 za kidijitali, ambazo siku hizo ukizibadilisha ulikuwa unapata kama thao saba hivi. Kwa msee amesota, thao saba ni kodi ya keja, ama shopping ya mwezi. Hakuna mtu wa kumlaumu mwenye alipanga laini.

Tarehe 2 Agosti 2023, serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Kesi ikaenda kortini, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za miili ya Wakenya zilizokusanywa zifutwe.

Sasa shika hii. Aprili 2022, yaani miezi kumi na tano kabla ya zile foleni, jarida la MIT Technology Review la Marekani lilikuwa tayari limechapisha uchunguzi mrefu kuhusu Worldcoin. Wanahabari wake walikuwa wamezungumza na watu wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo, na wakaandika jinsi watu walivyoahidiwa pesa na jinsi wengi hawakuelezwa vizuri data zao zinaenda wapi. BuzzFeed News nao walichapisha uchunguzi wao mwezi huo huo.

Habari ilikuwa nje, imeandikwa. Lakini ilikuwa kwa Kizungu kirefu, ndani ya jarida la Massachusetts ambalo msee wa Umoja ama Kawangware hana sababu ya kulifungua. Wenye walipanga laini KICC hawakuipata. Kilichowafikia ni video za dakika moja za watu wakionyesha vile wametoa pesa.

Hiyo nafasi kati ya stori iliyoandikwa na mtu aliyeihitaji ndiyo shida yote ya uanahabari wa teknolojia huku kwetu.

Ulianza vipi huku?

Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa. Mwanzoni mwa 2008, wakati nchi inachomeka baada ya uchaguzi, wanablogu na maprogramu wa Kenya wakaunda Ushahidi, jukwaa la kuripoti vurugu kwenye ramani kwa kutumia SMS na intaneti. Erik Hersman, mmoja wa walioanzisha Ushahidi, akafungua iHub 2010 pale Ngong Road. Ghafla Nairobi ikabandikwa jina la Silicon Savannah, na wanahabari wa ng'ambo wakaanza kuja kwa ndege kuandika ile stori moja: Mmasai ameshika simu.

Pembeni, wasee wa hapa walikuwa wameshaanza blogu zao. Techweez, Kachwanya na TechMoran ni kati ya zile zilizofanya Mkenya ajue bei za simu, bando na mitandao kabla ya gazeti kuamka. Lagos nako TechCabal ikaanza 2013 na Techpoint ikafuata 2015. India walitangulia mapema zaidi, maana YourStory na MediaNama zote zilianza 2008.

Mwanzoni kazi ilikuwa ya kushangilia. Kila mtu alitaka kuonyesha kwamba Afrika pia inajenga vitu, na hiyo haikuwa dhambi, maana kwa miaka mingi tulikuwa tunaandikwa kwa njaa na vita tu. Lakini kushangilia kukizidi, mwandishi anasahau kuuliza maswali. Na pesa zilipoingia kwa wingi, maswali yakazidi kupungua.

Doo inatoka wapi?

Ukitaka kuelewa habari yoyote, fuata ganji. Vyombo vya habari za teknolojia huku vinaishi kwa njia hizi:

- Matangazo ya Google. Ukibofya, wao wanapata senti. Ndiyo maana vichwa vya habari vinapiga kelele. Msomaji wa Nairobi analipiwa kidogo kuliko msomaji wa New York, kwa hivyo blogu ya huku inahitaji wasomaji mob sana ndiyo ilipe tu wera ya mwandishi mmoja.
- Makala ya kulipiwa. Kampuni inalipa, blogu inaandika. Ikiwekwa alama wazi kwamba ni tangazo, hakuna shida. Shida ni pale inavaa nguo za habari.
- Uzinduzi na zawadi. Unaitwa hoteli poa, unakula, unapewa simu ya kujaribu, unarudi kuandika. Jaribu kuandika kwamba kamera yake ni mbaya uone kama utaitwa tena.
- Bahasha. Ile ya "nauli". Kila mwanahabari wa Afrika anaijua, na haiko kwa teknolojia pekee.
- Makongamano. TechCabal, kwa mfano, ilianzisha kongamano lake la Moonshot Lagos mwaka wa 2023. Tiketi na wadhamini ndiyo pesa.
- Malipo ya wasomaji. The Ken ya Bengaluru, iliyoanza 2016, ilijenga jina kwa kutoa stori moja ndefu kwa siku na kuwalipisha wenye wanaitaka.
- Misaada. Rest of World, iliyoanzishwa 2020 na Sophie Schmidt, ni shirika lisilo la faida na linaandika teknolojia ya nchi zilizo nje ya Magharibi. Huwa kazi safi. Ubaya wa msaada ni kwamba ukikatwa, unakatwa siku moja. Marekani ilipogandisha pesa za USAID Januari 2025, vyombo huru vya habari katika nchi nyingi vilijipata bila mishahara.

Kuna kitu kingine hakisemwi sana. Hapa Kenya, kampuni kubwa zaidi za teknolojia pia ni kati ya watangazaji wakubwa zaidi. Mhariri anayetaka kuchimba kampuni ya simu ama benki anajua kwamba mshahara wake unapitia huko. Wengine huchimba tu. Oktoba 2024, gazeti la Nation lilichapisha uchunguzi kuhusu vile polisi wanavyopata data za simu za wateja. Safaricom ilikana kukosea. Lakini stori za aina hiyo ni chache kwa sababu gharama yake unaijua kabla hujaanza kuandika.

Na ile chemchemi ya startapu nayo imekauka kiasi. Kwa hesabu za Partech, startapu za Afrika zilipata dola bilioni 6.5 mwaka wa 2022. 2023 zikashuka hadi bilioni 3.5. Startapu zikikosa doo, kitu cha kwanza zinakata ni matangazo. Blogu zilizoishi kwa kutangaza "fulani amepata mamilioni" zikabaki zinaangaliana.

Stori zetu, majina ya wengine

Worldcoin haikuwa ya kwanza. Februari 2022, jarida la Time lilianika masaibu ya vijana waliokuwa wakisafisha Facebook hapa Nairobi, wanaketi mchana kutwa wakitazama video za mauaji na unyanyasaji ili wewe usizione. Mmoja wao, Daniel Motaung kutoka Afrika Kusini, aliishtaki kampuni kortini Kenya. Januari 2023 Time likarudi na nyingine: vijana wa hapa hapa walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa kufundisha mfumo wa OpenAI kutambua maneno machafu, kupitia kampuni ya Sama.

Mei Mosi 2023, zaidi ya wafanyakazi 150 wakakutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema Meta inaweza kushtakiwa Kenya.

Ofisi zilikuwa Nairobi. Wafanyakazi tulikuwa tunakaa nao kwa mathree. Lakini stori iliyotikisa dunia ilitoka na jina la jarida la ng'ambo. Sababu si kwamba waandishi wetu ni wazembe. Uchunguzi kama huo unakula miezi, unahitaji wakili wa kuusoma kabla utoke, na unahitaji mhariri ambaye hataogopa barua ya kutishiwa. Blogu ya watu watatu yenye inapaswa kutoa stori nane kwa siku haina hiyo nafasi.

Pia kuna uoga wa haki. Ile mikataba ya kazi ilikuwa na masharti ya usiri. Kijana wa Mukuru anayesema na mwanahabari wa hapa anaogopa kujulikana mtaani na kunyimwa job nyingine. Ndiyo maana mwandishi anayejua kulinda chanzo chake, na mwenye chombo kitamlinda yeye pia, ni mali.

India walifanya nini tofauti?

Facebook ilileta mpango wake wa Internet.org, baadaye ukaitwa Free Basics. Unafungua tovuti chache bure bila bando, zile tu ziko kwenye orodha. Novemba 2014 mpango huo uliingia Kenya kupitia Airtel. Huku tuliupokea kama zawadi, na maswali yalikuwa machache.

India ilikuwa vita. Nikhil Pahwa, mwenye MediaNama, blogu ndogo tu ya sera za teknolojia, alikuwa mstari wa mbele kwenye kampeni ya 2015 ya kueleza umma kwa nini kampuni moja haifai kuchagua intaneti ya maskini iwe gani. Walieleza kwa lugha rahisi, wachekeshaji wakaingia na video, na zaidi ya barua pepe milioni moja zikatumwa kwa mdhibiti wa mawasiliano. Februari 2016 mdhibiti akapiga marufuku huduma za aina hiyo, na Free Basics ikafungasha virago India.

Ona vile mambo yalipangika. Blogu ilijua sheria, wachekeshaji walijua watu, na watu walijua mahali pa kutuma malalamiko. Utaalamu pekee ungebaki kwenye meza za mawakili. Vichekesho pekee vingeisha wikendi.

Akili bandia imebisha hodi

Kwanza hata jina tunabishana: wengine wanasema akili bandia, wengine akili unde, na Watanzania wanasema akili mnemba. Jina lolote ulipendalo, hii kitu inagusa uanahabari pande mbili.

Upande wa kwanza ni uandishi. Januari 2023 ilijulikana kwamba CNET, tovuti kubwa ya teknolojia ya Marekani, ilikuwa imechapisha makala 77 za mambo ya pesa zilizoandikwa na mashine. Walipozikagua, 41 zilihitaji marekebisho. Ikiwa wakubwa waliteleza hivyo, fikiria blogu ya huku yenye haina hata mhariri.

Upande wa pili ni wasomaji. Mei 2024 Google ilianza kuweka majibu ya akili bandia juu kabisa ya matokeo Marekani, kisha ikasambaza kwingine. Ukiuliza "simu gani poa chini ya thao ishirini", unapata jibu hapo hapo, hubofyi popote. Blogu iliyofanya kazi ya kujaribu hizo simu haipati hata senti. Baada ya muda inafunga, na mashine inabaki bila mahali pa kunakili. Makala za "bei ya simu fulani Kenya" ndizo zilizolisha blogu nyingi miaka yote, na ndizo za kwanza kuliwa.

Habari njema ni kwamba mashine haiwezi kwenda Luthuli kuuliza fundi ni simu gani zinarudi zikiwa zimekufa skrini. Haiwezi kukaa kortini Milimani. Haiwezi kumpigia mama wa Githurai ambaye apu ya mkopo ilitumia jamaa zake wote ujumbe wa kumuaibisha. Kazi ya miguu ndiyo itabaki na thamani.

Sheria: ngao na rungu

Ngao unazo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo ina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Data alitoza klabu moja ya Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake, na kampuni moja ya mikopo ya simu ikapigwa faini ya karibu Sh3 milioni. Uamuzi kama huo huwekwa wazi kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Ni stori zimelala hapo zikingoja mtu.

Rungu nalo lipo. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 ilikuja na adhabu za kuchapisha habari za uongo, na wanahabari walilalamika kwamba maneno yake ni mapana mno. Chama cha wanablogu, BAKE, kilienda kortini. Mei 2018 jaji akasimamisha vifungu 26, halafu Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria iko sawa. Na tangu 2023, mkaazi anayelipwa kwa kontenti ya mitandao hukatwa ushuru wa asilimia 5. Gava ikishakutoza kama mfanyabiashara, jiandae pia kushtakiwa kama mchapishaji.

Basi, unaelekea wapi?

Ukichanganya hayo yote, njia chache zinaonekana wazi.

*Udogo wenye makali.* Chombo cha kuandika kila kitu kitakufa. Chombo cha watu wawili chenye kinajua mikopo ya simu kuliko mtu yeyote nchini kitapata wasomaji wa kulipa: mawakili, mabenki, watafiti. Pesa za hao ndizo zitalipia stori za bure za mwananchi.

*Ushirikiano.* Apu ya mkopo inayosumbua watu Nairobi mara nyingi iko Lagos pia, na Mumbai. Waandishi wa miji mitatu wakigawana kazi, gharama inagawanyika na kutishwa kunakuwa kugumu.

*Lugha.* Hapa ndipo penye mwanya mkubwa. Karibu habari zote za maana za teknolojia Kenya zinaandikwa Kizungu, ilhali redio ya mtaa inasoma taarifa kwa Sheng na watu wanaelewa kila kitu. Ule uchunguzi wa Worldcoin ungekuwa sauti ya dakika tatu kwa Sheng, ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, pengine wengi wangeuliza swali moja kabla ya kufungua jicho.

*Video zenye mgongo.* Vijana wako TikTok na YouTube, na hawarudi gazetini. Kuwacheka mainfluensa hakusaidii. Kinachohitajika ni mtu anayejua kuongea kama wao na kukagua kama mhariri, na anayesema wazi akilipwa.

Maswali matano ya kutembea nayo

Kabla uamini habari yoyote ya teknolojia, uliza:

1. Mwandishi alilipwa na nani, na amesema?
2. Kuna mtu yeyote kwenye hiyo stori ambaye hafanyi kazi kwa hiyo kampuni?
3. Bei imeandikwa mpaka mwisho? Simu ya kulipa kidogo kidogo, piga hesabu ya miezi yote, kisha linganisha na bei ya taslimu.
4. Wanachukua nini kwangu: pesa, namba za marafiki, uso, jicho?
5. Wako kwenye orodha? Benki Kuu inatoa orodha ya wakopeshaji wa kidijitali wenye leseni. Kuangalia ni dakika mbili.

Na kama unataka kuingia kwa hii kazi

Huhitaji ofisi. Mamlaka ya Mawasiliano hutoa takwimu za sekta kila robo mwaka, bure. Gazeti rasmi la serikali hutoka kila Ijumaa. Hukumu za korti ziko wazi kwenye tovuti ya Kenya Law. Uamuzi wa Kamishna wa Data, umeshaambiwa uko wapi. Chagua kona moja, iwe boda za umeme, mikopo, data ama kazi za mtandaoni, na usome hizo karatasi miezi sita bila kuacha. Utashangaa ni wangapi hawazisomi.

Anza na moja. Andika barua kwa ofisi moja ya umma ukiuliza swali moja kuhusu mfumo mmoja wa kidijitali unaokusumbua, weka tarehe, kisha hesabu siku 21. Wakijibu, una stori. Wakinyamaza, hiyo pia ni stori.